Chandarua Kiende Shambani Pamoja na Mtoto

Mvua zikianza katika bonde la Kilombero, familia nyingi za Idete na vijiji jirani huhamia mashamba ya mpunga. Mama hufunga mzigo: sufuria, unga, jembe, mkeka, na mtoto mgongoni. Je, chandarua kimo? Au kimebaki kikining'inia juu ya kitanda kule nyumbani?

Shambani watu hulala dunguni au katika kibanda cha nyasi chenye mianya kila upande. Maji yametuama hatua chache kutoka mlangoni, na zahanati iko mbali, pengine ng'ambo ya mto uliofurika. Mahali pa hatari zaidi ndipo tunapokwenda na kinga kidogo zaidi!

Idete wanayajua mambo ya malaria. Mwaka 1993 watoto wa kijiji hicho walishiriki majaribio ya chanjo iitwayo SPf66, ambayo baadaye haikufaa kitu. Chandarua kilifaa. Mradi wa KINET ulianza mwaka 1996 katika Kilombero na Ulanga, ukauza vyandarua vyenye dawa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto waliolala ndani yake walipona kifo kwa asilimia 27 zaidi.

Mbu nao hawana tabia moja. Anopheles funestus, anayeleta sehemu kubwa ya malaria bondeni siku hizi, huingia ndani na kuuma usiku wa manane. Anopheles arabiensis huanza jioni, nje, ugali ukiwa bado jikoni. Kwa hiyo jua likizama mvalishe mtoto nguo ya mikono mirefu na suruali, na mdogo kabisa aingizwe chandaruani mapema. Moshi wa kuni hufukuza mbu kidogo, lakini humkohoza mtoto.

Dunguni mbu hupitia hata chini, kati ya fito. Tandika mkeka, kisha pindo za chandarua zichomekwe chini ya mkeka pande zote. Kikitoboka, kishone siku hiyohiyo. Kikifuliwa, kianikwe kivulini, maana jua kali huharibu dawa. Na jamani, chandarua cha mtoto kisigeuzwe wavu wa samaki.

Watoto wanaolinda ndege huumwa pia na nyuki na nyigu. Wakatazwe kurushia mizinga mawe. Mwiba wa nyuki ukibaki, ukwangue upesi kwa ukucha, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, mkimbizeni hospitali.

Mwili wa mtoto ukichemka, asipewe vidonge vilivyobaki vya mwaka jana. Apelekwe apimwe damu siku hiyohiyo, na akipewa dawa mseto aimalize hata kama ameanza kucheza. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipatwa na degedege, usiku huohuo safari ianze. Degedege si dege lililompitia mtoto juu; huku kwetu mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani.

Basi kabla ya kuhama, baba na mama wakubaliane: nani mwenye mtumbwi au pikipiki atakayeitwa usiku, na nauli yake itawekwa wapi isiguswe.