Lugha ya Mkataba: Meneja wa Biashara Ndogo na Sheria ya Ajira

Aghalabu masuala ya sheria katika biashara hudhaniwa kuwa ya mawakili na mahakama pekee. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba, kwa meneja wa karakana au mkahawa katika wadi ya Kabiro, mtaani Kawangware, Nairobi, masuala hayo huanza mapema zaidi: katika lugha anayoitumia kumwajiri na kumwachisha mtu kazi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, haiziachi nje biashara ndogo, ila zile za familia ambazo wafanyakazi wake wote ni wategemezi wa mwajiri. Kifungu cha 9 chaagiza kwamba ajira ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Mwajiriwa asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, sharti afafanuliwe kwa lugha anayoielewa. Anaweza kutia alama ya kidole gumba badala ya sahihi, lakini alama hiyo haiondoi wajibu wa kumfafanulia.

Tuchukue mfano wa seremala aliyeajiriwa kwa maneno matupu, akalipwa kila jioni kwa miezi minne mfululizo. Mwajiri angali anamwita kibarua. Kifungu cha 37 chasema vingine: siku za kazi zinazofuatana zikitimia mwezi 1, ajira hiyo si ya kibarua tena, na seremala ana haki ya kupewa notisi. Mzozo ukifika mahakamani pasipo mkataba wa maandishi, kifungu cha 10 chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kutoandika, basi, hakumkingi.

Hali kadhalika, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, kifungu cha 41 chamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kisha asikilize utetezi wake. Akimwachisha isivyo haki, mahakama yaweza kuamuru fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, kiasi kinachoweza kuiangusha biashara ndogo.

Hapa ndipo taaluma yetu inapohitajika. Mwajiri akisema, "Kaa nyumbani kwanza," je, amemsimamisha mtu kazi au amemwachisha? Aliyesimamishwa angali mwajiriwa. Aliyeachishwa si mwajiriwa tena. Meneja mwangalifu huutaja uamuzi wake waziwazi, huuandika, na huhifadhi kumbukumbu za malipo na maonyo. Mkataba nao huusoma pamoja na mwajiriwa, kila mmoja akabaki na nakala.

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuandaa mikataba mifano, yenye istilahi sahihi na sentensi fupi, itakayoeleweka karakanani sawasawa na mahakamani. Ni kazi ndogo kwa mwanaisimu, lakini kwa seremala wa Kabiro huenda ikawa ndiyo kinga ya ujira wake.