Jinsi zinki inavyolinda ukingo wa bati lililokatwa

MUKUMU, kandokando ya barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega, ni eneo la mvua nyingi. Sehemu hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mabati hapa hujaribiwa vikali, na wenye nyumba wengi huhofu kuwa kutu itaanzia pale fundi alipokata kwa mkasi, kwani chuma kimebaki wazi. Hofu hiyo ina ukweli kiasi tu.

Bati la kawaida ni chuma chembamba kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka, njia ambayo Mfaransa Stanislas Sorel aliipatia hataza mwaka wa 1837. Zinki haifanyi kazi ya rangi pekee. Maji yanapogusa metali hizo mbili kwa pamoja, mkondo hafifu wa umeme hutokea, mithili ya ule wa betri ya tochi. Zinki ndiyo huliwa, nacho chuma husalimika.

Hata hivyo, ulinzi huo hufika milimita chache tu kutoka palipo na zinki. Ukingo wa bati la geji 30, wenye unene wa takriban milimita 0.3, hufikiwa bila taabu. Mkwaruzo mpana haufikiwi.

Unga mweupe ukionekana ukingoni, zinki ingali kazini. Wekundu ukijitokeza, zinki ya mahali hapo imekwisha, na chuma chenyewe kimeanza kuliwa.

Kwa hivyo, mnunuzi asiishie kuuliza geji. Mabati mawili ya geji moja yaweza kutofautiana kwa uzito wa zinki, unaopimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na lenye zinki haba huoza mapema. Yale yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao kwa kawaida huwa na alumini asilimia 55, hudumu sana usoni, ila kingo zake hupata ulinzi hafifu zaidi.

Aidha, ni heri fundi akate kwa mkasi kuliko kwa mashine ya msumeno, ambayo cheche zake huunguza zinki na kuacha chembe za chuma juu ya paa. Majani yaliyolowa yafagiliwe, na wekundu unapoanza, usuguliwe kisha upakwe rangi yenye unga wa zinki kabla tundu halijatokea.