Mtihani wa juu wa Kiingereza: maneno magumu hayatakuokoa

Msimu wa maombi ya vyuo vya nje ukikaribia, makundi ya WhatsApp hujaa orodha za maneno ya Kiingereza ya "kupandisha alama". Humo utakuta "plethora", "myriad" na "ubiquitous". Mtahiniwa huyakariri usiku kucha, kisha huyamwaga yote kwenye insha moja. Mtahini huyaona papo hapo. Neno la kifahari lililokaa mahali pasipo pake humtia shaka hata juu ya sentensi iliyo sahihi.

Chukua C1 Advanced, mtihani wa Cambridge ulioanza mwaka 1991. Karatasi yake ya kusoma na matumizi ya lugha ina maswali 56 kwa dakika 90. Sehemu nne za mwanzo, kati ya nane, ndizo zinazobana msamiati na sarufi, na ukizipekua utaona ni nadra kuulizwa maana ya neno adimu. Unaulizwa neno gani hukaa na lipi. "Make", "take" na "raise" kila mwanafunzi wa sekondari anayajua. Kazi ni kujua kwamba uamuzi huenda na "make", picha na "take", na wasiwasi unaotolewa kikaoni na "raise". Sisi wenyewe hupiga simu, hupiga pasi na hupiga hodi, wala hatumwelezi mgeni kwa nini yote ni kupiga. Tunamtaka azoee tu. Mwingereza naye hana maelezo zaidi ya hayo.

Kwa hiyo daftari lenye neno upande huu na tafsiri upande ule limefanya nusu ya kazi. Andika fungu zima kama ulivyolikuta, pamoja na kihusishi chake. Halafu ongeza ukoo wa neno: kando ya "decide" ziwepo "decision", "decisive" na "indecisive", kwa sababu sehemu ya tatu hukupa mzizi na kukuachia wewe kujua kama pengo linataka nomino, kivumishi au kinyume chake. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji hapa asioutumia. Amekulia katika lugha inayozaa msomi, somo, msomaji na somesha kutoka mzizi mmoja.

Sehemu ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unapewa sentensi kamili, neno moja usiloruhusiwa kulibadili, na pengo la kujaza kwa maneno matatu hadi sita ili sentensi ya pili ibebe maana ile ile. Tuseme ya kwanza ni "The director didn't realise how serious the problem was until he read the report". Ya pili inaanza "Only after reading the report", inaishia "how serious the problem was", na neno ulilopewa ni "did". Jibu ni "did the director realise". "Only after" ikitangulia, kitenzi kisaidizi humruka mtenda na kukaa mbele yake. Kila swali hapa lina alama mbili, hivyo aliyepata nusu ya muundo hatoki mikono mitupu, na jibu lenye kosa halipunguzi alama ulizokwisha kupata. Usiache pengo wazi.

IELTS haina swali la aina hii, lakini namshauri hata mtahiniwa wake alifanyie mazoezi. Chukua insha yako ya juzi, chagua sentensi tano, uziandike upya kila moja ikianza na neno jingine. Ukikwama, umegundua muundo usioumiliki. Zoezi jingine halina gharama: nakili aya ya gazeti la Kiingereza, futa vineno kama "of", "which", "such" na "the", iweke kando siku mbili, kisha ijaze bila kutazama.

Mazoezi hayo yanafichua makosa yetu, ambayo mengi yanatoka nyumbani. Anayefikiri "kitabu nilichokinunua" huandika "the book which I bought it". "Nimefika jana" haimkeri mtu Dar es Salaam, lakini "I have arrived yesterday" hukatwa. Kiswahili hakibagui jinsia katika "yeye", basi "he" na "she" hupishana hata kwa watu wenye shahada. Mtihani wa kwanza wa Kiingereza wa Cambridge, mwaka 1913, ulikuwa na karatasi ya tafsiri. Watahiniwa walikuwa watatu na wote walianguka. Siku hizi karatasi hiyo haimo, ila anayetafsiri kichwani bado anaumia.

Karatasi ya kuandika hutoa dakika 90 kwa kazi mbili, kila moja maneno 220 hadi 260. Ya kwanza ni insha ya lazima. Swali huorodhesha hoja tatu na kukutaka ujadili mbili tu, kisha useme ipi ina uzito zaidi na kwa nini. Ajabu ni kwamba wengi hujadili zote tatu, wakaishiwa na maneno kabla ya kutoa uamuzi. Lugha ni kimoja tu kati ya vigezo vinne vya kusahihishia. Vingine ni kujibu ulichoulizwa, mpangilio, na kumwandikia msomaji husika kwa namna inayomfaa. Sentensi tatu zinazofuatana zikianza na "Moreover", "Furthermore" na "In addition" hazijapangika. Zimefungwa kamba tu. Andika kwa saa mezani, acha dakika tano za kusaka makosa unayoyajua kuwa ni yako, na mpe mtu mwingine akusomee.

Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo au ubalozi, kwa maandishi, unakubali mtihani upi. Matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili. Cheti cha C1 Advanced hakina tarehe ya kuisha, lakini taasisi inaweza kukikataa au kudai kipya.