Kasi bila mfadhili haifiki mbali

Lami ya kutoka Isiolo kwenda Moyale imenyooka hadi kila chali wa bodaboda anajiona dereva wa mashindano. Ila kasi pekee haitoshi, wasee. Mcheki Jeremy Wahome. Mkenya huyu alikimbiza magari ya kiti kimoja Uingereza hadi British F3. Kule tairi, injini na mekanika ni doo kila msimu. Talanta bila mfadhili hukwama. Baadaye akageukia rali. Mwaka wa 2021, Safari Rally iliporejea WRC baada ya miaka 19, alikuwemo na Ford Fiesta, Kenya Airways ikiwa mfadhili. Kubadilisha njia si kushindwa. Huku kwetu lami ipo, vumbi lipo, vijana wapo. Anayekosekana ni mfadhili.