Mtoto wa Kibos na Karatasi Yake



Ndugu wasomaji, wengi wetu huku pwani tuna jamaa walioifuata reli hadi Kisumu, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Basi anayetoka mjini Kisumu kwa barabara ya Kakamega hufika Kondele, penye soko na kelele za matatu, na hapo ndipo huipata njia ya kwenda Kibos. Kibos kuna Wanubi, Waislamu wenzetu. Juma hili twataka kuzungumza juu ya watoto wao.

Wanubi si wageni wa jana. Mababu zao walikuwa askari wa Kisudani waliochukuliwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, wakapigana vita visivyokuwa vyao, kisha wakatumika katika jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902. Walipomaliza utumishi hawakurudishwa kwao. Waliachwa wakae juu ya ardhi ya serikali, Kibra ya Nairobi, Kibos na kwengineko, bila hati ya kumiliki hata shubiri moja. Mkoloni hakuwahesabu kuwa wenyeji, wala hakuwapa pa kurejea. Alipoondoka aliliacha swali hilo vile vile, na kila mtoto wa Kinubi aliyezaliwa tangu hapo amelirithi.

Swali lenyewe lilikuwa likimfikia akitimiza miaka 18. Wenziwe wa darasa moja walikuwa wakienda kuomba kitambulisho wakarudi na karatasi ya kungojea. Yeye alikuwa akiitwa mbele ya kamati, akiulizwa babu yake ni nani na alizaliwa wapi, akitakiwa alete hati za watu waliokwisha kufariki. Vijana wa mitaa ya kale ya Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa jambo hili, wengi wamelionja. Bila kitambulisho hakuna kazi ya maana, hakuna akaunti ya benki, wala kura.

Mwaka 2009 mashirika mawili ya haki yaliwasilisha malalamiko kwa niaba ya watoto wa Kinubi mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia mkataba wa haki na ustawi wa mtoto. Uamuzi ulitoka tarehe 22 Machi 2011, nao ukawa wa kwanza wa kamati hiyo kutolewa juu ya malalamiko ya namna hii. Kenya ilionekana kuwa imekiuka haki ya watoto hao ya kuandikishwa na kuwa na uraia tangu kuzaliwa, imewabagua, na imewapunja katika afya na elimu. Kamati ilikataa hoja kwamba mtoto aweza kungoja hadi miaka 18 ndipo ajulikane ni wa wapi. Nasi twaona hapo ndipo penye kiini. Utoto haungoji, kilichokosekana mtoto akiwa na miaka saba hakilipwi akiwa na ishirini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, nayo yampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa. Sheria, basi, ipo. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, na Wapemba wa Kilifi wakafuatia mwaka 2023. Wanubi wa Kibra walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Wa Kibos hawakuwamo.

Mwanzoni mwa Februari 2021 matingatinga yaliingia Kibos kwa ajili ya ardhi ya reli. Watu wapatao 3,500 waliripotiwa kupoteza makazi. Shule zilikuwa zimefunguliwa mwezi mmoja tu, tarehe 4 Januari, baada ya miezi mingi ya kufungwa kwa sababu ya korona. Mtoto aliyeanza kuzoea tena daftari alilala nje. Nyumba ikivunjwa ghafla, mzazi huokoa watoto na godoro. Kasha la vyeti hukumbukwa baadaye.

Lililo mikononi mwetu ni dogo, lakini lipo. Aliyejifungua hospitalini, kama ile iliyo karibu na Kondele ambayo watu wa Kisumu wangali wakiiita Russia, asitoke bila karatasi ya arifa ya kuzaliwa. Aliyejifungua nyumbani aiendee kwa naibu wa chifu. Cheti na kiombwe kabla ya miezi sita kupita, kwani baada ya hapo huhesabiwa kuchelewa, na ushahidi unaodaiwa huongezeka. Madrasa zetu, ambazo huandika jina la mtoto na la babake tangu siku ya kwanza, zaweza kuuliza cheti wakati huo huo na kuweka nakala mahali pakavu, mbali na nyumba ya mzazi.

Kwa familia zilizokwisha poteza vyeti, njia ni ndefu zaidi: mzazi anayemtafutia mwanawe nakala huulizwa kitambulisho chake mwenyewe, na ikiwa nacho kilifukiwa siku ile, itambidi aanze na chake.