Kipimo cha A: mtafute kwanza alama ya kati

Wandugu wanachama, msimu A unakaribia na huku kwenye milima ya Kivu vikundi vingi vimeanza kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Jembe linafanya kazi yake. Kinachoharibu jasho la watu njo kipimo cha A ambacho hakijarekebishwa. Mtaro ukiteremka upande mmoja, maji hayatulii ndani. Yanakimbilia kule chini, yanajikusanya, na siku ya mvua kubwa yanapasua ukingo. Udongo wako unaenda kwa jirani, na jirani naye anapata korongo mpya katikati ya maharagi yake. Mtaro wa namna hiyo, afazali kuuacha bila kuchimba.

Kukitengeneza hakuna shida: miti miwili ya metre 2, iliyofungwa pamoja juu na kupanuliwa chini mpaka miguu iachane metre 2, mti wa tatu unapita katikati, na kamba yenye jiwe inashuka kutoka juu, ikigusa kidogo tu ule mti wa kati. Jiwe liwe zito, sababu upepo unacheza na jiwe dogo.

Wengi wanaishia hapo. Wanapima katikati ya mti kwa macho, wanakata alama, wanaenda mlimani. Lakini miti yetu haiko sawasawa: mguu mmoja unaweza kuzidi mwingine kidogo, na fundo la juu linaweza kuegama.

Fanyeni hivi. Kwenye udongo mgumu, pigeni vijiti viwili pale miguu inaposimama. Mkingoje kamba itulie, mtie alama pale inapogusa mti wa kati. Kisha mgeuze kipimo: mguu wa kushoto ukanyage kijiti cha kuume, wa kuume ukanyage cha kushoto, palepale. Mtie alama ya pili. Alama ya kweli iko nusu ya njia kati ya hizo mbili. Ile kiwanja hata ikiwa imeinama kidogo haizuru, kwa sababu mkigeuza, kosa la kiwanja linahama upande, lakini kosa la kipimo linabaki.

Mwindaji anayejua bunduki yake anafanya karibu vile. Hagusi shabaha kwa risasi moja. Anapiga tatu, anaangalia zimeangukia wapi pamoja; zikienda zote kushoto, anasogeza shabaha ya nyuma kuume. Ninyi pia mrudilie mara tatu. Alama zikitawanyika, fundo limelegea au jiwe ni jepesi, na hapo hakuna haja ya kusogeza kitu mbele ya kukaza kamba.

Kosa linafika wapi? Kwa kipimo cha ukubwa huu, alama ikikosa kwa santimetre 1 kwenye mti wa kati, miguu inatofautiana santimetre 2 hivi. Mstari wa metre 50 ni hatua 25. Mkitembea mguu uleule ukiwa mbele kila mara, makosa yanajumlika: santimetre 50 mwisho wa mstari! Ndiyo maana mimi napenda njia ya kuzungusha: mguu wa mbele unabaki, wa nyuma unazunguka unakuwa wa mbele. Hapo kosa la hatua moja linakula kosa la hatua inayofuata. Wazee wengi wanafanya hivyo tayari, hata kama hakuna aliyewaelezea sababu.

Mkimaliza, mtu mmoja asimame mwisho wa mstari, aangalie vijiti vyote. Kijiti kimoja kilichotoka peke yake, mkirudishe kidogo ili mstari unyooke. Vitatu au vine vikitoka pamoja, muviache, ule ni mlima wenyewe unageuka.

Kipimo kikianguka, kikilala inje kwenye mvua, au kikundi kingine kikikiazima, mkirekebishe upya asubuhi, mbele ya upepo kuanza. Ni kazi ya dakika kumi.