MWANGWI UNAOPIMA MISULI YA TAYA

Mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza ni nini kinachokuwezesha kutafuna muthokoi? Sisi wa Kitui na Makueni twaijua kazi yake. Mahindi hutwangwa kinuni mpaka maganda yatoke, kisha yapikwe na maharagwe. Hata yakiiva vizuri, taya lazima lifanye kazi. Weka vidole shavuni, mbele ya sikio na chini kidogo, halafu ukaze meno. Hicho kinachotuna ni msuli uitwao maseta.

Sasa, daktari ataujuaje unene wake bila kukata ngozi? Rula haiingii shavuni. Jibu ni mwangwi.

Sikio la binadamu halisikii sauti iliyozidi hezi 20,000. Popo hutoa sauti kama hizo na kusikiliza mwangwi wake, ndiyo maana hagongi mti usiku. Mashine ya altrasaundi hufanya vivyo hivyo. Kwanza mpimaji hupaka jeli shavuni ili hewa isikae katikati, maana hewa huirudisha sauti kabla haijaingia mwilini. Kisha huweka kifaa cha mkononi, polepole, kwa sababu akikandamiza msuli utabonyea na kipimo kitadanganya. Mwangwi wa kwanza hutoka juu ya msuli, wa pili hutoka kwenye mfupa wa taya. Ndani ya nyama ya mwili sauti husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Mashine huchukua muda ulio kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili, huuzidisha kwa mwendo huo, kisha hugawanya kwa 2, kwani sauti imeenda na kurudi. Kumbe ni hesabu ile ile ya mwangwi wa mlimani! Kwa mtu mzima, unene huwa kama sentimita moja na zaidi kidogo, nao huongezeka akikaza meno.

Wacha nikueleze kwa nini jambo hili ni muhimu. Kuna mwenzetu, sitamtaja jina, aliyevimba shavu moja. Watu walinong'ona kwamba amerogwa, naye akaanza kukosa shule. Alipopimwa, ilionekana hakuna uvimbe mbaya, ni msuli tu uliokuwa mnene upande mmoja. Jino bovu lilimfanya atafunie upande huo huo kila siku. Jino liling'olewa, naye akarudi darasani. Mashine ilinyamazisha uvumi.

Tena mashine hii haipimi taya peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliitumia Makueni kupima maini na wengu za watoto wa shule. Waligundua kuwa watoto walioishi na kichocho cha matumbo pamoja na malaria ndio waliokuwa na viungo vilivyovimba zaidi. Tumbo kubwa halikuwa uchawi wala ulafi. Kichocho kina dawa, na malaria vilevile.

Basi ndugu msomaji, ukiona shavu au tumbo limevimba, usikimbilie kumtafuta mchawi, nenda ukapimwe. Altrasaundi haiumizi, wala haina miale kama ya eksirei. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.